Injini Isiyopata Moto

Damu iliyoganda kwenye bampa la pikapu ilikuwa na magamba.

Inspekta Vitalia Kapinga alibandua gamba moja kwa ukucha, akaliinua mbele ya uso wa Mkuu wa Kituo, Afande Haule.

"Marehemu alikuwa binadamu au mbasa wa ziwani?"

Haule hakucheka. Alikuwa amevaa koti la kazi juu ya sweta, na shingoni amejifunga skafu ya mkewe yenye maua. Mwezi wa saba Mbinga hakuna anayemcheka mwenzake kwa mavazi.

"Gamba halimtoi mtu mahabusu," alisema. "Muuza maziwa aliiona pikapu hii ikishuka kuingia mjini Ijumaa asubuhi, ukungu umejaa. Alipofika mbele kidogo akamkuta mama wa watu kando ya barabara. Bampa lina bonde. Chini oili inatiririka. Na pale alipogongwa mama kuna oili. Unataka nini tena?"

"Kulikagua gari. Ndiyo kazi yangu."

"Basi likague. Kesho saa tatu dereva wake, Kilian, anapanda kizimbani na jalada halina ripoti ya mkaguzi wa magari. Wewe ulikuwa Songea kwenye kozi. Tunakusubiri wewe tu."

Nje ya geti walisimama ndugu wa marehemu Tadea, waliotoka Namswea na mablanketi yao mabegani. Upande wa pili wa geti alikaa mwanamke mmoja juu ya ndoo iliyofunikwa. Alikuwa Hilda, mama yake Kilian, aliyepanda basi kutoka Mbaha, ziwani, bila nguo ya baridi. Makundi hayo mawili hayakutazamana.

Vitalia alimwendea huyo wa pili kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mkaguzi?"

"Ndiye mimi."

"Kama ni yeye, sema ni yeye. Kama siye, usichelewe. Watu wale wameniambia wataichoma pikapu, na yeye ndani yake."

"Hakuna atakayechoma kitu. Ingia kule mapokezi, kuna jiko la mkaa."

Alirudi, akavaa ovaroli, akatandika gunia na kuingia chini ya pikapu na tochi ya simu.

Bonde la bampa lilikuwa na kutu ndani yake. Kutu haiingii kwa siku tatu. Aliliandika hilo, akaendelea. Oili ilitoka pale injini inapokutana na gia boksi, yaani kwenye sili ya nyuma ya krenki, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoroke. Alipenyeza kidole, akagusa ukingo wa mpira kupitia tundu la ukaguzi. Ulikuwa mgumu kama kucha. Sili hiyo ilikuwa imekwisha kwa uzee na joto. Oili iliyomchuruzikia kiganjani ilikuwa nyeusi tii, nyepesi, yenye harufu ya kuungua.

Alitoka, akafungua boneti, akazungusha mfuniko wa kujazia oili. Upande wa ndani wa mfuniko ulikuwa mweusi na mkavu. Aliupitishia kitambaa cheupe, akakiweka kitambaa hicho kwenye mfuko wa nailoni.

"Goodluck!"

Konstebo Goodluck alitoka upande wa ofisi, kikombe cha chai mkononi. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika barabarani siku ile.

"Ile oili ya barabarani uliichukua?"

"Niliikwangua na kadi ya simu, afande, pamoja na ulezi uliokuwa umelala chini yake. Nikaiweka kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Nilipiga na picha. Nilikosa rula, nikaweka kofia yangu pembeni ili ukubwa uonekane."

"Vizuri. Lete vyote."

Kwenye picha, duara la oili lilikuwa limelingana karibu kabisa na kofia ya Goodluck. Lilikuwa pembezoni mwa lami, hatua chache kutoka alipolala Tadea na kitenge chake cha kijani. Kando yake ulezi ulikuwa umemwagika, kwa sababu mama huyo alikuwa anaupeleka mashineni kusaga kabla foleni haijawa ndefu.

Vitalia aliinua chupa kwenye mwanga. Alikaa nayo hivyo mpaka Goodluck akamaliza chai.

Kilichokuwa ndani hakikuwa cheusi. Kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, kizito, na chini yake zilitulia punje ndogo za ulezi.

* * *

Kilian aliletwa chumba cha mahojiano akiwa na kandambili. Alikuwa kijana mwenye mabega ya mpiga makasia, na sauti iliyokauka kwa baridi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Ijumaa ulipita pale saa ngapi?"

"Saa moja na kitu. Nilikuwa na dagaa na mbasa wa sokoni."

"Ulisimama?"

"Hapana."

"Popote pale, tangu unatoka Mbaha?"

"Nilisimama mara moja kuongeza oili. Hilo gari, afande, linakunywa oili kuliko mjomba wangu anavyokunywa pombe. Nikiliegesha kwa mtu, kesho yake ananiletea kitambaa nipanguse uwanja."

"Na hujawahi kubadilisha sili."

"Nikiweka mpya nitalitambuaje gari langu?"

Goodluck, aliyekuwa anaandika maelezo, aliinamisha kichwa. Vitalia hakutabasamu.

"Mwanamke amekufa, Kilian."

"Najua." Kilian alitazama meza. "Mimi sikumwona. Ukungu ulikuwa mpaka kwenye kioo. Sikusikia kishindo chochote. Lakini tangu Ijumaa wananiuliza, na sasa na mimi nimeanza kujiuliza. Labda nilimgonga. Labda nilidhani ni shimo."

"Hujaulizwa unadhani nini. Barabara ya kutoka Mbaha mpaka hapa, injini inakuwaje?"

"Inakuwaje vipi? Inachemka. Unatoka ziwani kwenye joto, unakwea milima na mzigo. Nikifika juu naweza kuchoma muhogo kwenye boneti."

"Hilo ndilo nililotaka kusikia. Mrudishe, Goodluck. Mpe na soksi."

* * *

"Sisaini," alisema Vitalia.

Haule aliweka kalamu chini. "Sababu?"

Vitalia aliweka mezani kimoja kimoja: kile kitambaa kilichopita kwenye mfuniko wa pikapu, halafu chupa ya dawa ya kikohozi.

"Hii ni nyeusi. Hii ni ya maziwa. Ni injini mbili tofauti."

"Ile ya barabarani imechanganyika na umande."

"Nilijua utasema hivyo." Alichukua kisosi, akamimina oili aliyoikinga chini ya pikapu, kisha akadondosha maji juu yake. Maji yalikwenda chini, yakatulia peke yake kama shanga. "Umande hauchanganyiki na oili kwa kulala nayo barabarani. Ili vichanganyike kama kwenye chupa hii, lazima vikorogwe muda mrefu. Kitu pekee chenye kazi hiyo ni krenki, mhimili unaozunguka ndani ya injini."

"Basi maji yameingia kwenye injini. Gasketi imeungua."

"Inawezekana. Lakini tazama mwezi tuliomo. Petroli ikiungua inatoa mvuke wa maji, na mvuke kidogo hupenya mpaka kwenye oili. Injini ikipata moto wa kutosha, mvuke hutoka kupitia paipu ya kupumulia. Ikitoka nyumbani kwenda ofisini, ikazimwa, jioni ikarudi, ikazimwa tena, na baridi yenyewe hii, mvuke unageuka maji humo humo. Unapata uji mzito kama huu."

"Na uji unavuja?"

"Uji unaziba paipu ya kupumulia. Injini ikikosa pa kupumulia, inasukuma oili itokee popote penye upenyo. Upenyo wa kwanza ni kwenye sili. Pikapu ya Kilian inavuja kwa sababu sili imezeeka. Gari tunalolitafuta linavuja kwa sababu limezibwa pumzi."

Haule alikitazama kisosi.

"Kwa hiyo ni gari lisilotoka mjini."

"Ni gari linalokwenda karibu, kila siku, na lina mvujo. Kilian anakwea kutoka ziwani injini ikichemka. Hata akimwagiwa ndoo ya maji kwenye oili, akifika hapa yamekwishakauka."

"Unaye mtu?"

"Sina."

"Kesho saa tatu, Vitalia."

Mchana ule askari wa barabarani walisimamisha kila gari dogo lililopita karibu na soko na kuwaomba madereva wafungue boneti. Hakukuwa na aliyefurahi. Mwalimu mkuu mmoja aliuliza kama polisi sasa wanatafuta siagi. Uji mweupe ulionekana chini ya mifuniko mingi, hata kwenye gari la parokia, lakini chini ya magari hayo palikuwa pakavu. Gari moja la mwenye duka lilikuwa na uji na oili inachuruzika pia. Goodluck alikimbia kumwita Vitalia kama aliyeokota dhahabu.

Vitalia alivuta dipstiki ya kupimia oili, akainusa, akaangalia chupa ya maji ya rejeta. Maji yalikuwa na mafuta yanayoelea.

"Gasketi," alisema. "Na limetoka kuvutwa kwa kamba leo. Tangu lini halitembei?"

"Wiki ya pili, afande," alisema mwenye duka. "Muulize jirani yangu, analia nimemzibia njia."

Jirani aliulizwa, na kweli alilia.

Vitalia alifuta mikono. Mafundi wote wa mjini walikuwa wameshasema hawajabadilisha sili ya krenki tangu Ijumaa.

"Mtu aliyemgonga mtu, na anajua gari lake linadondosha oili, atafanya nini?" alimuuliza Goodluck.

"Ataziba mvujo."

"Wapi?"

Goodluck alifikiri. "Si hapa, ambako kila fundi ni ndugu wa mtu."

"Washa gari. Twende Kitai, ndiko kwenye gereji ya kwanza nje ya mji."

* * *

Gereji ya Ildefonsi ilikuwa nyuma ya maduka, karibu na mabasi yanapoteremsha abiria. Alikuwa mtu mfupi mwenye kofia ya sufu iliyoshiba grisi, na alipoona sare hakuacha kufunga nati.

"Sili ya krenki? Nimefunga Jumamosi. Gari dogo, la rangi ya fedha. Afande, huyo mteja kama mmemkamata, mpigeni kwanza kwa niaba yangu."

"Kakufanya nini?"

"Kanitukana! Nimeshusha gia boksi, nimefunga sili mpya, nikamkabidhi pakavu. Jumapili watu tunatoka kanisani, huyo hapa. Linavuja tena. Eti nimemwekea feki. Mbele ya mke wangu na shemeji zangu."

"Ya zamani unayo?"

Ildefonsi alipekua kwenye debe la vyuma chakavu, akatoa pete ya mpira. Vitalia aliifuta, akaukunja ukingo wake kwa kidole gumba. Ulikunjika na kurudi, laini, bila ufa.

"Hii ni nzima."

"Ndicho nilichomwambia! Nikamwambia, bosi, sili yako nzima, tutafute kwingine. Akasema funga mpya, nina haraka. Mteja akiwa na haraka mimi ni nani?"

"Paipu ya kupumulia uliiona?"

"Nilifungua mfuniko nikaona uji, nikaupangusa. Paipu sikuigusa. Hakunipa nafasi."

Vitalia aliitia sili kwenye mfuko. "Alipofika hapa Jumamosi, kutoka Mbinga moja kwa moja, injini ilikuwaje?"

Fundi aliacha kufunga nati.

"Umeuliza vizuri. Nilitaka kusubiri ipoe, nikashika rejeta. Vuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto. Safari yote ile! Nikamuuliza, themostati iko wapi? Akasema fundi wake wa Dar aliing'oa zamani, gari lilikuwa linachemka kwenye foleni."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia huku si Dar. Huku unahitaji joto, usilitupe. Akaniambia nifanye nilichoitiwa."

Goodluck alikuwa ameduwaa. Vitalia alimweleza bila kumtazama: "Themostati inayazuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto. Dar mafundi wanaing'oa, gari linapoa, mwenye gari anashukuru. Ukihamia huku Umatengo kwenye baridi na gari hilo, injini haipati moto kamwe." Kisha kwa Ildefonsi: "Jina lake?"

"Hakusema. Nimemhifadhi kwenye simu." Alifungua simu, akaigeuza. Kwenye kioo paliandikwa *Mteja Matusi*. "Ila ni mtu wa ofisini. Alikuwa na koti mbili na bado anatetemeka."

Goodluck aliipiga picha namba ile. Wakiwa njiani kurudi, aliingiza namba kwenye mtandao wa kutuma pesa, jina likajitokeza. Lilikuwa la Clemence, afisa aliyehamia Mbinga mwezi wa nne. Alikuwa amepanga nyumba mlimani, upande wa juu wa mashine ya kusaga.

"Tugeukie kwake sasa hivi?"

"Hapana. Asubuhi, kabla hajaliwasha. Nataka injini ya baridi kama ile ya Ijumaa."

* * *

Jumanne ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati. Clemence alifungua mlango akiwa na tai shingoni na mswaki mkononi. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye adabu.

"Karibuni, karibuni. Afande, dada yangu, baridi hii mnaiwezaje? Mariana! Weka chai ya wageni."

"Asante. Tumekuja kwa ajili ya ajali ya Ijumaa," alisema Vitalia. "Tunazungumza na wote wanaopita njia ile asubuhi."

"Ya yule mama. Nimeisikia. Inasikitisha sana. Si mmeshamkamata dereva wa samaki?"

"Yuko mahabusu. Wewe ulipita?"

"Napita kila siku. Ndiyo njia yangu ya ofisini."

"Uliona nini?"

"Ukungu, dada yangu. Ningemwona nani?"

"Ulisimama?"

"Hapana."

"Labda kusafisha kioo. Kupokea simu."

"Sikusimama popote. Nimetoka hapa mpaka ofisini moja kwa moja." Alimwona Goodluck akiandika. "Andika tu, kijana. Sina cha kuficha."

Goodluck alimsomea, naye akatia saini. Vitalia aliomba kuliona gari. Lilikuwa uani, kwenye sakafu ya saruji, limeoshwa likang'aa.

"Linavuja oili?"

"Lilikuwa. Nimeweka sili mpya Jumamosi."

"Kwa nini Kitai?"

Clemence alinyoosha tai yake. "Niliambiwa kuna fundi mzuri. Nimejuta."

Vitalia alijilaza chini. Gari lilikuwa limeoshwa kote, isipokuwa mahali ambapo mwoshaji hajilazi. Juu ya kinga ya chini ya injini oili ilikuwa imetengeneza gundi nene, na kwenye gundi hiyo punje za ulezi zilikuwa zimenasa, pamoja na nyuzi chache za kitenge cha kijani. Alizipiga picha, akazing'oa kwa kibano, akamwonyesha.

"Ulezi uko barabara nzima pale," alisema Clemence. "Kila aliyepita baadaye ameukanyaga."

"Kweli. Na uzi?"

"Uzi ni uzi."

"Tutampa mtaalamu aulinganishe." Alifungua boneti na kuzungusha mfuniko wa oili. Ndani ulikuwa umejaa ute wa rangi ya maziwa, mzito, unaovutika. Alichomoa paipu ya kupumulia, akaipuliza. Haikupitisha pumzi. Aliirudisha kama ilivyokuwa. "Goodluck, lete kofia yako."

Aliiweka kofia kwenye saruji, pembeni ya sehemu iliyo chini ya krenki.

"Tafadhali liwashe."

"Nichelewe kazini kwa ajili ya kofia?"

"Liwashe, Bwana Clemence."

Injini ilikataa mara mbili, ikakubali mara ya tatu. Vitalia alimwashiria atoke, aiache ikiunguruma. Muda mfupi baadaye tone lilijitokeza chini ya gia boksi, likakua, likaanguka. Rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa.

"Lizime."

Clemence alilizima. Tone lililofuata lilining'inia, likabaki hapo hapo.

"Umeona," alisema Vitalia. "Likizimwa, halivuji. Pumzi ya injini ndiyo inayosukuma. Likiwa linakimbia linadondosha tone hapa na tone kule, haliachi duara. Ili liache duara, lazima lisimame na injini ikiwa inawaka." Alitoa picha ya barabarani, akaiweka juu ya kofia. "Hili ndilo duara la Ijumaa. Oili yake ina punje za ulezi chini kabisa. Ulezi ulitangulia, oili ikadondokea juu. Liwashe tena."

"Hii si sayansi. Sili ya leo si ile ya Ijumaa."

"Ile ya Ijumaa ninayo. Ni nzima kama hii. Fundi alikwambia. Liwashe."

Aliliwasha. Safari hii hakutoka mara moja kwenye kiti.

Wakasimama watatu kuizunguka sehemu ile, mikono mifukoni. Matone yalianguka moja moja, yakaungana, yakawa doa la ukubwa wa sarafu. Mariana alitokea mlangoni na birika. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kitambaa cha kichwa na macho ya usingizi.

"Chai tayari. Niimimine?"

"Mimina, mama," alisema Vitalia. "Tunakuja."

Doa likawa kama kisosi. Ng'ombe wa jirani alikamuliwa, ndoo ikasikika ikijaa. Wanafunzi walipita nje ya ua wakiimba, wakaishia. Clemence aliitazama kofia, akalitazama doa.

"Inatosha," alisema.

"Haijafika kwenye kofia."

Mariana alirudi mlangoni. "Baba nanii, chai inapoa. Kuna nini?"

Tone lilianguka. Jingine likaanguka. Vikombe vitatu kwenye meza ya barazani viliacha kutoa mvuke, na doa lilikuwa bado halijafikia hata nusu ya kofia.

"Zima, afande."

"Bado."

"Nimesema zima!" Sauti yake ilipanda, kisha ikashuka. "Sikuweza kulizima. Likizimwa asubuhi linagoma kuwaka. Ndiyo maana niliacha injini ikiwaka. Nilitaka kumpakia."

Goodluck aligeuza ukurasa.

"Alikuwa hai?" aliuliza Vitalia.

"Alikuwa anaongea. Aliniita baba. Alisema, baba, nishike mkono, niinuke." Clemence alivua tai, akaikunja mkononi. "Nilisimama pale. Nilifikiria ofisi, nilifikiria watoto. Nikasikia baiskeli ya muuza maziwa inakuja kwenye ukungu, kengele yake. Nikasema huyu atamwona. Nikaondoka."

"Daktari ameandika kwamba angewahishwa angepona."

"Najua alichoandika. Niliambiwa ofisini, watu wakinywa chai."

Barazani birika liliwekwa chini kwa kishindo. Mariana aliingia ndani, akarudi na koti la pili la mumewe, akampa bila kumtazama usoni.

Vitalia aliingiza mkono garini, akazungusha ufunguo. Ua ukawa kimya. Tone la mwisho lilining'inia chini ya gia boksi na halikudondoka.

"Goodluck, mfunge pingu. Kofia yako iache hapo hapo mpaka nipige picha."

Alipomaliza alimpigia Haule. Saa tatu ilikuwa haijafika.

"Usimpeleke Kilian. Ninakuja na mwenye gari, amekiri mbele ya shahidi. Waambie wale wa Namswea kwa mdomo wako mwenyewe, na umwambie mama yake kabla yao."

"Sawa. Nitawaambia. Basi nimpe Kilian na ufunguo wa pikapu, waondoke na mama yake."

"Ufunguo usimpe. Sili ya nyuma imekwisha, gari halina sifa ya kuwa barabarani. Libaki hapo mpaka abadilishe."

"Vitalia, kijana amelala mahabusu siku nne."

"Ndiyo. Mkatie tiketi ya basi, yeye na mama yake. Na soksi asirudishe."